Dereva Mrefu na Pikipiki Isiyomtosha



Nina urefu wa sentimita 191, na kwa miaka saba nilikula kwa bodaboda ya cc 125. Jioni nikishuka kijiweni magoti yamekaza na vidole viwili vya mkono wa kulia vina ganzi. Nilidhani ndivyo kazi ilivyo. Kumbe pikipiki hainitoshi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu hupimiwa pikipiki kama anavyopimiwa suruali.

Mwili wa dereva unashikwa na vitu vitatu: siti, vikanyagio na usukani. Kwa mrefu, balaa huanzia kati ya siti na vikanyagio. Nafasi ikiwa ndogo, goti linakunjika mno na kupanda juu ya tanki, na ukikata kona ya ghafla usukani unaligonga. Mshikaki ndio unaomaliza kabisa: abiria wawili wanakusukuma mbele hadi unakalia tanki. Fundi naye asipime kimo peke yake. Apime mguu, kutoka kwenye msamba hadi kisiginoni, maana watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana sana miguu.

Wengi wetu dawa yetu ni kunyoosha miguu na kuiweka juu ya bampa. Nawaomba sana tuache. Mguu wa kulia ukiwa kwenye bampa hauko kwenye breki, na mtoto anayekatiza barabara hakusubiri uurudishe.

Anzeni na spana namba 10. Pedali ya gia imekaa kwenye shafti yenye meno. Fungua bolti uitoe, chomoa pedali, ipandishe jino moja, kaza. Mimi navaa kiatu namba 46, na kilikuwa hakiingii chini ya pedali mpaka nipinde kifundo. Jino moja tu, na kero ya miaka saba ikaisha kwa dakika tano. Hata mwenye pikipiki ya mkataba anaweza kufanya hivi, kwa kuwa siku ya kurudisha anairejesha ilivyokuwa. Ukigusa pedali ya breki, hakikisha breki haijabana na taa ya breki inawaka ukikanyaga tu.

Kisha siti. Kuinuliwa sentimita 5 kunalifungua goti vizuri, lakini kwa sponji ngumu. Ile laini ya godoro inadidimia, na ikifika saa sita mchana umerudi palepale. Tena siti ikipanda ni kama usukani umeshuka: mgongo unainama, uzito unahamia viganjani, na ganzi inazidi. Kwa hiyo usukani nao upande.

Hapa mafundi mnisikilize. Usukani ukiinuliwa, waya wa mafuta na wa klachi zinavutika. Klachi iliyovutika haishiki sawasawa, sahani zake zinaungua. Waya wa mafuta ni hatari zaidi. Weka gia huru, washa injini, pindua usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, bila kugusa mafuta. Mlio ukipanda, waya ni mfupi. Weka mrefu au ushushe usukani. Pikipiki yenye waya mfupi ikikata kona inajiongezea mwendo yenyewe.

Yangu iko nje, na futi ya kupimia nimekuja nayo. Tutoke, tuanze na mrefu kuliko wote.