Alagama ya Mama Iko Wapi?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya kina mama wa vigango waliokutana Lokiriama. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukipunguza tu yale yaliyorudiwarudiwa.)



Kina mama, kina nyanya, na ninyi mabinti mliokaa huko nyuma kivulini, karibuni. Wazee mlio chini ya mti ule, karibuni pia. Mazungumzo ya leo ni ya shanga, lakini mbuzi waliouzwa ili shanga zipatikane walikuwa wenu, kwa hiyo msijifanye hayawahusu.

Tunataka kuzungumza juu ya mapambo ya zamani ya kina mama. Alagama, ile pete ya shingoni ya mama aliyeolewa. Mikanda ya shanga. Ngozi za mbele za wasichana, zilizoshonewa vipande vya maganda ya mayai ya mbuni. Bangili za shaba, na vipuli vilivyofuliwa kutoka sufuria kuukuu. Kuna aliyetuuliza juzi: kanisa lina kazi ya visima, zahanati na shule, sasa limeanza kuhesabu shanga? Swali ni zuri, wala hatukulichukia.

Tuanze na njaa. Waliokuwako wakati wa Lopiar, mwaka 1980, hawahitaji kusimuliwa. Mifugo ilikwisha kwa ukame na magonjwa, na iliyobaki ikachukuliwa kwa bunduki, maana mwaka wa 1979 Amin alipoanguka kule Uganda, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa na bunduki zikatapakaa huku na huku. Mama asiye na mbuzi hata mmoja amebaki na nini? Amebaki na alichovaa. Basi kila ukame unapokuja, hata huu wa juzi wa 2020 hadi 2023, hakosi kutokea mtu mwenye gari anayeuliza kama kuna vitu vya zamani. Mama mmoja wa kikundi chetu alitoa alagama ya marehemu mamake kwa kilo mbili za unga na sukari kidogo. Hatumlaumu hata chembe. Watoto walikula siku ile. Lakini mnunuzi hakuuliza jina lake, wala la mamake, wala ndoa ile ilikuwa ya wapi.

Miaka ikapita. Wawili wetu tukaenda Nairobi kwa semina, na jioni tukapita kwenye duka la mapambo. Ndani ya kioo tukaona alagama imelazwa juu ya kitambaa cheusi. Kikaratasi kiliandikwa "Turkana, ya zamani", na bei yake, jamani, ingetosha kununua mbuzi wa kuanzishia boma. Kama ndiyo ile au siyo, nani atatuambia? Tulisimama pale mpaka mlinzi akaja kutuuliza tunataka nini.

Msidhani tunasema kila mkusanyaji ni mwizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Alan Donovan, alikuja huku Turkana akanunua mapambo na vyombo, akavionyesha Nairobi. Mzee Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, alivipenda akamwomba amkusanyie na yeye. Baadaye wakaanzisha pamoja African Heritage, na leo sehemu ya mkusanyo wa Murumbi imehifadhiwa katika jengo la Kumbukumbu za Taifa pale Nairobi. Bila watu kama hao vitu vingi vingeliwa na mchwa. Tunashukuru. Ila mtoto wa Lokiriama akitaka kuona ngozi kama ya nyanyake, itabidi apande gari mpaka Lodwar, toka Lodwar mpaka Kitale, toka Kitale mpaka Nairobi, na akifika asome "Turkana". Turkana ni mama yupi?

Na sisi wa kanisa tunalo letu la kuungama. Zamani walikuwako walimu wa dini waliowaambia wasichana: vua hizo shanga kwanza, ndipo ubatizwe. Tukavua. Tukapewa gauni. Shanga zikawa za watoto kuchezea mchangani, na alagama nyingine zikatumika kufungia milango ya mazizi. Lakini ile ilikuwa alama ya ndoa kama pete anayovishwa bibi arusi mbele ya altare. Hakuna aliyetueleza ni dhambi gani.

Ndiyo maana tumeanza sanduku. Liko katika stoo ya parokia, lina kufuli mbili, na funguo ziko kwa kina mama wawili wa vijiji tofauti. Kitu kinachoingia kinabaki mali ya mwenyewe. Akitaka kumvisha binti yake siku ya arusi anakichukua, halafu anakirudisha. Tunachoandika katika daftari ndicho kikubwa: jina la aliyekivaa, aliyekitengeneza, alipewa na nani, kwa mbuzi wangapi, na lini aliacha kukivaa. Nyanya mmoja alitaja mkufu mmoja kwa muda wa saa nzima, mwandishi wetu akaishiwa kalamu.

Mtauliza ya zamani tunayatambuaje. Hebu tazameni uzi kwanza. Uzi wa zamani ni ukano wa mnyama au ukanda mwembamba wa ngozi. Wa sasa ni nailoni. Shanga za kioo ni baridi mkononi na nzito, za plastiki ni nyepesi na huchuja rangi juani. Shanga iliyovaliwa miaka mingi, tundu lake limelika upande mmoja. Tena nuseni: mafuta na udongo mwekundu havitoki upesi. Kwa hiyo tafadhali, tafadhali sana, msizifue kwa sabuni ya unga ili zing'ae! Mama mmoja alifanya hivyo kwa nia njema, na ukano ukalainika, ukakatika, mpangilio wote ukapotea ndani ya karai. Futa kwa kitambaa kikavu. Funga kwa kitambaa cha pamba, si mfuko wa nailoni, maana ndani yake ngozi hutoa jasho na kuoza. Weka juu, mbali na mchwa na panya.

Mnaotaka pesa, na nani hataki, tengenezeni mapya. Wageni wa mashirika wako Kakuma tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, na kule Lodwar kuna sherehe za Tobong'u Lore. Mtumie ya sandukuni kama kielelezo, muuze mliyoyashona wenyewe. Kuhusu ya zamani, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inataka kibali kabla vitu kama hivyo havijatolewa nje ya nchi, basi mnunuzi akiwa na haraka sana muulizeni kibali. Na mwenye bangili ya pembe ya ndovu asituletee wala asiiuze. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Amwone chifu kwanza.

Limebaki jambo moja. Sandukuni kuna mkanda ulioletwa na kijana aliyeukuta katika boma lililohamwa. Rangi zake zimepangwa tofauti na zetu, na baadhi ya kina nyanya wanasema huo ni wa Matheniko. Inawezekana. Tangu wazee walipozika silaha hapa hapa Lokiriama mwaka 1973, tumeoana nao na kutembeleana. Daftarini ukurasa wake una namba tu. Tumeuleta leo, uko pale mezani karibu na maji ya kunywa. Anayeufahamu, au aliye na shemeji upande wa Moroto anayeweza kuuliza, aje atuone baada ya baraka.