HOTUBA YA MWENYEKITI: KILABU CHA NYUMA YA SOKO NA CHANZO CHA KIKUNDI CHETU



 

Katibu ameshasoma taarifa ya hisa na mikopo, kwa hiyo mimi sitarudia namba. Kazi niliyopewa ni kueleza tulikotoka. Kamati ilipokaa kuandaa kijitabu hiki, baadhi ya wenzetu walishauri kiandikwe kwamba kikundi kilianzishwa na akina mama wa "biashara ndogo ndogo". Mimi nilikataa. Biashara ndogo ndogo ni nini? Ni nyanya, ni mitumba, ni chochote. Fedha ya kwanza kuingia kwenye sanduku letu ilikuwa fedha ya komoni. Waanzilishi wengi walikuwa wapikaji na wauzaji wa kilabu cha nyuma ya soko, na vikao vyetu vya mwanzo tulikaa kwenye mabenchi ya kilabu asubuhi, kabla wateja hawajafika. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa wageni ambao hawakijui, kilabu kile ni banda la bati na miti, kuta zake zinaishia kiunoni, liko kwenye kichochoro ambacho gari haipiti. Hakuna kibao. Anayekitafuta anafuata moshi. Ndani kuna mabenchi kuzunguka ukuta, na kila mama ana kona yake ya kuweka mapipa na ndoo. Tulikuwa tunapika kwa zamu. Leo pombe ya mama huyu ndiyo imeiva, kesho ya yule, kusudi tusiharibiane soko. Mwenye zamu analipa ushuru, na aliyemaliza zamu anamsaidia mwenzake kuchuja. Utaratibu wa zamu ndio tuliouhamishia kwenye kikundi. Hakuna semina iliyotufundisha.

Mama yangu mzazi alipika pale pia. Miaka ile ya mwanzo wa 1980, bia ya chupa ilikuwa ya kusikia tu, ikifika Mbinga inaishia kwa wakubwa. Mwalimu, karani, mkulima, dereva, wote walikunywa komoni na kangala. Na tangu zamani pombe kwetu Wamatengo haikuwa ya kulewa tu. Ukitaka ngolo zako zilimwe kwa siku moja unapika pombe, unaalika watu, wanalima, wanakunywa, wanaimba. Msiba, arusi, kumaliza ugomvi, yote yalikuwa na chungu chake.

Bahati ya kilabu ilifuata kahawa. Kahawa ikilipa, tunajaza mapipa, kahawa ikigoma, tunapika ndoo mbili na moja inachacha. Mwaka 1994 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazili, bei ikapanda duniani, na wakati huo huo wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Fedha iliyoonekana Mbinga miaka ile wenye umri wangu wanaikumbuka. Lakini hapo ndipo kilabu kilipopata mshindani. Serikali ilikuwa imeuza nusu ya kiwanda cha bia kwa Makaburu mwaka 1993, bia ikaanza kupatikana, na mtu mwenye fedha ya kahawa akaona aibu kushika kopo la komoni. Baa za barabara kuu zikaota kama uyoga. Kisha chama chetu kikuu cha ushirika, MBICU, kikaanguka, na kufikia mwaka 2001 bei ya kahawa nayo ilikuwa chini kabisa. Watu wakarudi kichochoroni kwetu, safari hii na mifuko mitupu. Walikunywa kwa mkopo. Daftari za madeni za miaka ile sitaki hata kuzitaja.

Adui mkubwa kuliko bia alikuwa viroba. Kile kipakiti cha plastiki cha pombe kali kiliuzwa mpaka kwenye maduka ya chumvi na sabuni. Komoni ni pombe ya kukaa. Mtu anakunywa taratibu, ni nzito kama uji, anashiba, anaongea. Kiroba anakimeza mtu akitembea. Tuliwaona vijana wetu wanaharibika, na lawama ikaja kwetu, eti "wanawake wa pombe". Serikali ilipovipiga marufuku mwezi Machi 2017 tulipumua, na wateja kadhaa walirudi. Bahati mbaya pombe kali ya chupa ndogo ikashika nafasi yake.

Na vijana wa makaa ya mawe ya Ngaka, tangu mgodi ulipoanza mwaka 2011, wao ni bia na muziki mkubwa. Sisi hatuna friji wala spika. Barabara nayo imeleta kazi na imeondoa kazi. Ilipowekwa lami mpaka Mbamba Bay, dagaa wanapanda asubuhi wanauzwa mchana, jambo zuri sana, ila na kreti za bia zinateremka ziwani kwa urahisi ule ule.

Nieleze kidogo juu ya komoni yenyewe, maana watoto wetu hawajui. Unga wa mahindi unalowekwa mpaka uchachuke, unakaangwa, unapikwa uji kwenye pipa. Ukipoa unatiwa kimea cha ulezi. Ulezi huo umeuotesha mwenyewe, umeuanika, umeusaga, na hapo ndipo ujuzi ulipo, kwa sababu kimea kikiwa na ukungu pombe yote imekwenda. Siku ya pili au ya tatu unachuja, na inanywewa siku hiyo hiyo huku ingali inachemka yenyewe. Kesho yake ni kali, keshokutwa ni ya kumwaga. Haikai dukani wala haisafiri. Ndiyo maana inamtaka mama aliye karibu na mteja, na ndiyo maana hasara yake ni ya haraka. Mgeni mmoja Mwingereza aliyetutembelea alituambia kwamba hata kwao mwaka 1971 watu waliunda chama cha kutetea bia ya namna hiyo, inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa, pamoja na vilabu vidogo vya vichochoroni, kwa sababu viwanda vikubwa vilikuwa vinavimeza. Sisi tulidhani ni shida ya maskini peke yao.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua linawakereketa. Mkutano mkuu wa mwezi ujao una ajenda ya kuondoa upikaji wa pombe kwenye orodha ya kazi zinazokopeshwa. Wanaotaka iondolewe wana sababu, na mimi siwadharau. Wapo waliookoka. Wapo walioolewa na walevi, na wanajua usiku wa nyumba hizo ulivyo. Kipindupindu kikitajwa, vilabu ndivyo vinavyofungwa kwanza, na mkopo wa mpikaji unalala. Kuni nazo ni ghali na milima yetu inazidi kuwa na upara.

Lakini nawaomba mtazame daftari. Katika miaka yote kumi, wapikaji wamerejesha. Wanarejesha kwa sababu fedha yao inazunguka kila juma, haingojei msimu kama ya kahawa. Wenzetu wa Liuli mnajua, dagaa wakipotea kwa upepo, aliyewapa mtaji wa kununua upya alikuwa mama wa komoni. Ada za shule nyingi zimetoka pale. Yumo humu ndani binti ambaye ni muuguzi leo, mama yake anamjua.

Hofu yangu nyingine ni hii. Mpikaji akinyimwa mkopo wetu hataacha kupika. Atakwenda kwa mwenye riba kubwa, naye ili alipe haraka atashawishika kupika gongo, ambayo sheria imeikataza tangu miaka ya 1960, na kila mmoja wetu amewahi kuzika mtu wa gongo. Mimi napendekeza tuendelee kukopesha, ila kwa masharti. Kwanza maji yachemshwe na kopo zioshwe, bwana afya apite. Pili majiko yawe ya kuhifadhi kuni, na mkopaji apande miti. Tatu, asiyefuata saa za kufunga au anayemuuzia mtoto, hakopi tena. Na anayekutwa na gongo tumtoe kikundini, hata akiwa ndugu yangu.

Kuhusu banda lenyewe, paa linavuja na wapikaji waliobaki ni wanne, wote watu wazima. Eneo linasemwa kwamba litatakiwa kwa vibanda vya kisasa. Nimeomba kamati iandike barua mapema kuuliza, tusije tukaamka tukakuta mabati yako chini. Wanachama wawili vijana wameomba kujifunza kimea, na mmoja anataka kujaribu togwa ya kuuza mashuleni kwa kutumia mapipa yale yale. Hao nao maombi yao yatasomwa siku hiyo.

Kwa hiyo kila mwanachama afike na kitabu chake cha hisa, saa nne kamili asubuhi. Tutapiga kura ya siri, siyo ya kunyosha mikono. Asiyeweza kufika kutoka ziwani amtume mwenzake na barua yenye sahihi.

 Chakula kiko tayari, akina baba tafadhali muwaachie wageni watangulie.