MIKONO KWANZA, KALAMU BAADAYE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wazazi, Nakuru)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara. Tumekuja kusema habari za watoto wetu wa nasari, wenye miaka 4 na 5, ambao tunawaacha asubuhi na mapema tukienda kwenye maua Naivasha, au kwenye mashamba ya Njoro, Molo na Rongai.

Mzazi akitoka kazini huuliza, "Daftari liko wapi? Umeandika nini?" Daftari likiwa tupu, mwalimu hulaumiwa kwamba watoto wanacheza tu. Ndugu, mchezo ule ndio kazi yenyewe. Mfanya kazi mgeni hapewi makasi na kupelekwa kwenye mawaridi siku ya kwanza. Kwanza huonyeshwa namna ya kushika. Mtoto naye ni vivyo hivyo.

Kwanza ni mkono. Mtoto afinyange udongo, aambue maharagwe, atunge vifuniko vya soda katika kamba. Vidole vikipata nguvu, achore herufi kwa kidole katika sinia la mchanga. Akikosea, anafuta na kuanza tena. Wala hakuna karatasi iliyopotea.

Pili ni sikio. Mwalimu ataje neno, na watoto wapige makofi kwa kila silabi: ma-ji, makofi mawili, ki-te-nge, makofi matatu, m-tu, makofi mawili. Kiswahili kina irabu 5 tu, nacho huandikwa karibu kama kisemwavyo. Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ilishauri watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa. Katika kambi zetu Mluhya, Mjaluo, Mkisii, Mkikuyu na Mkalenjin wanakaa mlango kwa mlango, na watoto wao hucheza pamoja kwa Kiswahili.

Tatu ni jicho. Kata katoni kuukuu iwe kadi 4, uandike ba, ta, ka, pa. Mtoto akizipanga atapata bata, paka, kata, taka na pata. Kadi 4 zimempa maneno 5, na ameyaunda kwa mikono yake mwenyewe. Hayo hatayasahau upesi.

Mzazi asiyejua kusoma asijione hana la kufanya. Makofi na maharagwe havihitaji cheti. Hata jikoni, ukipika ugali, waweza kumwuliza mwanao: neno gani jingine laanza kama "maji"?

Lakini tahadhari. Makopo na madumu ya dawa za mashamba yasiletwe nasari kamwe, hata yakioshwa mara kumi. Sumu haionekani kwa macho. Na watoto walio chini ya miaka 3 wasiachiwe vifuniko wala maharagwe, maana hutia kinywani na puani.

Sasa upande wa chama. Katiba ya mwaka 2010 imeweka elimu ya nasari mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kaunti inapoita wananchi kujadili bajeti, tusikae nyumbani. Twende tukaulize habari za darasa letu. Na tukikaa mezani na waajiri, tudai chumba safi, maji na kivuli kwa watoto wa kambi. Tena tukumbuke kwamba mwalimu wa nasari ni mfanya kazi kama sisi. Anayefundisha watoto wengi peke yake, na mshahara wake wachelewa, hawezi kushika mkono wa kila mtoto. Haki yake na masomo ya watoto wetu ni jambo moja.

Tunawaomba, ndugu, kila mmoja alete katoni moja safi na vifuniko kumi. Viongozi wa kila kambi watavikusanya na kumpa mwalimu. Hiyo si michango ya pesa, kwa hiyo hakuna wa kusema hana.