"Condemn": neno kali, lakini nani analipa?

Haya njo maneno tuliyotoa mbele ya vijana wapya wa harakati, siku ya mafunzo juu ya kuandika komunike. Wengi walituomba tuyaweke kwa maandishi. Basi tunayaweka sawa vile tulivyoyasema.

Sikieni. Kifaransa tulikipata kwa masomo. Kiswahili tunakiongea kwa nyumba, kwa soko, ndani ya taksi. Kiingereza chenyewe kinatufikia kwa telefone. Kila mara watu wakiuawa huku Kivu ao Ituri, kesho yake komunike zinaanza kuingia: za ONU, za ma-ambasadi, za ma-ONG. Na karibu zote ziko na verbe moja: "condemn". Tunaifurahia, tunatumiana kwa magroupe, tunasema: "Eh, wametulaani wale wauaji!" Kisha siku tatu zinapita, hakuna kitu. Leo tunataka tuelewe hii verbe, ili isitudanganye tena. Na ili sisi wenyewe tusidanganye watu nayo.

Kwanza, inatoka wapi? Inatoka kwa Kilatini, ikapitia kwa Kifaransa cha zamani. Ni ndugu ya "condamner" yetu. Ndani yake mumelala neno "damnum", maana yake hasara. Kwa hiyo, tangu mwanzo, hii verbe ilikuwa ya kesi: mutu amepatikana na kosa, anatozwa, analipa. Hadi leo Kiingereza kinaitumia vile mbele ya tribinali. Mutu akiwa "condemned to death", amekatiwa kifo. Hata nyumba inaweza kuwa "condemned": wakubwa wa muji wamekuta inataka kuanguka, wakaaji wanatolewa, nyumba inabomolewa. Muone vizuri: kwa kesi na kwa nyumba, nyuma ya neno kunafuata kitu.

Kuna matumizi ya tatu, na hayo njo tunayoyakuta kwa komunike: kusema mbele ya watu kwamba tendo fulani ni baya sana. Hapa verbe imebaki kali kwa kinywa, lakini ile hasara imetoka ndani. Anayesema hatozi, na anayesemwa halipi.

Pili, muangalie kinachofuata nyuma ya verbe. Kiingereza kinakuachia njia mbili. Unaweza kusema "condemn the attack", unalaani shambulio. Ao unaweza kumutaja mutu na kosa lake: "condemn" fulani "for" tendo fulani. Kwa njia ya kwanza, shambulio limelaaniwa, mushambuliaji amepita pembeni, anakunywa chai. Ni sawa na Kiswahili chetu tukisema "watu wameuawa". Nani aliua? "Wameuawa tu."

Tatu, ndugu zake. Watu wanazani ni neno moja lenye majina mengi, kumbe kila moja liko na uzito wake.

"Regret" ni kusikitika. Mutu anayesikitika hajamushitaki mutu.

"Deplore" inaonekana kubwa, lakini kwa mizizi yake ya Kilatini ni kulia kwa sauti. Ni kilio. Kilio tunakijua sisi, hatuna haja ya kukiagiza kutoka New York.

"Blame" ni kulaumu: hapo unasema kosa ni la nani.

"Denounce" ni kutangaza hazarani, kumutoa mutu mbele ya watu. Ndugu yake wa Kifaransa, "dénoncer", tunamujua: ni kumutaja mutu kwa wakubwa.

Kwa Kiswahili "condemn" tunaiandika "kulaani". Lakini laana kwetu ni kitu kizito. Muzazi hatupi laana kila Juma Tatu. Kwa kanisa vilevile, muchungaji akikemea pepo, analiambia litoke, tena litoke sasa. Sisi tumeokota haya maneno mazito, tunayatumia kila wiki, hadi yamekuwa mepesi sawa manyoya.

Sasa tuyaone ndani ya mambo tuliyoishi. Tarehe 20 Novemba 2012, M23 iliingia Goma. Siku ile ile Baraza la Usalama la ONU lilipitisha azimio 2076. Ndani yake walilaani, "condemn", mashambulizi ya M23. Lakini juu ya musaada kutoka inje, waliandika wasiwasi, na walidai musaada ule ukome, bila kutaja inchi hata moja. Tarehe 28 Machi 2013 lilikuja azimio 2098. Pale verbe ilibadilika: waliruhusu brigade ya kushambulia makundi yenye silaha. Askari walitoka Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi. Novemba 2013, M23 ilishindwa, FARDC wakiwa mbele na brigade pembeni yao.

Tarehe 21 Februari 2025, Goma na Bukavu zikiwa mikononi mwa M23, Baraza lilipitisha azimio 2773 kwa kura zote. Safari hii jina lilitajwa: walilaani mashambulizi ya M23 yanayosaidiwa na jeshi la Rwanda. Kigali ilikana. Lakini musome verbe zinazofuata. Kwa M23 waliandika "decides": Baraza limeamua itoke. Kwa jeshi la Rwanda waliandika "calls on": wanaliita liondoke. Karatasi moja, verbe mbili, uzito mbili. Kijana asiyesoma verbe anaona "condemn" pale juu, anapiga makofi, anafunga telefone.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe, bila haya. Tuliwahi kuandika komunike juu ya maji ya kartie moja. Tuliandika: "Tunalaani vikali hali ya ukosefu wa maji." Tulipata ma-like mengi. Mabomba yalibaki makavu, na wamama waliendelea kupanda na bidoni kwa mugongo. Tulilaani "hali"! Hali iko na biro wapi? Hali inapokea barua? Tulirudi, tukakaa na wale wamama, tukaandika upya: siku ngapi bomba halitoi, bidoni inauzwa bei gani, ni mukubwa gani anashika kazi ile, tunataka jibu tarehe gani, na tarehe ile ikipita tutakaa mbele ya biro yake. Lile neno "tunalaani" tulilitoa kabisa. Tuliitwa kwa mukutano. Maji hayakurudi kila siku, lakini yalirudi kwa zamu, na zamu ile ilibandikwa kwa ukuta kila mutu aisome.

Kwa hiyo, kuanzia leo, mukisoma komunike ya wengine ao mukiandika ya kwetu, muulize mambo matatu. Nani ametajwa? Anaombwa kufanya nini, hadi lini? Asipofanya, analipa nini? Kama jibu ni "hakuna" kwa yote matatu, ile si "condemn". Ni "deplore" iliyovaa kiatu kikubwa.

Hatusemi watu wasitulilie. Wafu wetu wanastahili machozi, na anayetulilia tunamushukuru. Tunasema tu kwamba machozi yasiitwe hukumu. Kuna wamama kwa kambi wanaongojea hukumu tangu hamujazaliwa.

Sasa mutoe makaratasi, tuandike.