Kiko Kipya na Sheria ya Jani

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma



Maneno "tumbaku ya mvuke" hayahitaji kufafanuliwa kwa mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge. Ni tumbaku inayokaushwa ndani ya bani kwa joto linalopita katika mabomba, moshi usiliguse jani, tofauti na tumbaku ya moshi ya kule Ruvuma ambayo hutundikwa juu ya moto wenyewe. Lakini kijana wa mjini asemapo leo kwamba anavuta mvuke, hana habari ya bani wala ya kuni. Anazungumzia kijichombo chenye betri, chembamba kama kalamu au kinene kama kiberiti, kinachopasha moto maji yenye nikotini na manukato hata yakawa mvuke wa kuvuta. Wenyewe hukiita vepu. Chombo hicho kimekwisha kufika, na swali ambalo mtumishi wa umma hana budi kulikabili ni hili: dola ishike nini? Ishike jani, ishike chombo, au ishike biashara?

Swali hilo lina mizizi mirefu katika Tabora kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya reli kufika mjini hapo mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo ilipumzika Unyanyembe, kisha ikaachana, mingine ikielekea Ujiji na mingine Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora hiyo, mwezi Novemba 1857, walikuta kituo kilichokwisha kujengeka. Tumbaku ilikuwa mgeni aliyetoka Amerika, lakini katika njia ile ilikuwa imekwisha kupata uenyeji, na wapagazi waliobeba pembe za ndovu na majora ya nguo walijua kuivuta.

Walichovutia kilikuwa kiko cha maji. Pwani kilitengenezwa kwa kifuu cha nazi. Bara, palipokosa minazi, kibuyu kilishika nafasi yake. Kiswahili kimehifadhi jina la kila kiungo chake. Bori ni kibakuli kinachoshika tumbaku na kaa la moto. Digali ni mwanzi unaoshuka kutoka kwenye bori hadi ndani ya maji. Shilamu ni mwanzi unaoelekea kinywani. Hata mlio wa maji yanapotokota kwa pumzi ya mvutaji umepewa jina, nao huitwa malio ya kiko. Lugha haigawi majina kwa ukarimu namna hii isipokuwa kwa kitu ambacho watu wamekiunda kwa mikono yao wenyewe, na kiko hakikuhitaji kiwanda. Bori likipasuka, mwenyewe alifinyanga au alichonga jingine. Ufundi wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye macho, wala hapana aliyeweza kudai kuwa ni mali yake.

Sasa chombo kipya kikifunguliwa, kiko kile kile kinaonekana ndani yake. Betri imechukua nafasi ya kaa. Koili ya waya ndiyo bori, utambi wa pamba unanyonya maji, na mdomo wa plastiki ni shilamu. Mmarekani Herbert Gilbert aliombea hati ya uvumbuzi wa chombo cha namna hiyo mwaka 1963 akaipata mwaka 1965, lakini hakikupata soko. Ni mfamasia wa Kichina, Hon Lik, aliyekifanya kiuzike katika miaka ya mwanzo ya 2000, na viwanda vya Shenzhen vikakisambaza duniani. Pembeni mwa viwanda hivyo limekua kundi kubwa la mafundi wa nyumbani, hasa katika Marekani na Ulaya. Hawa hununua betri, husokota koili kwa mkono, huchanganya maji yao wenyewe, na hugawiana bure michoro ya saketi na programu za kuendeshea chombo. Ufundi umerudi kuwa wazi kama ulivyokuwa njiani Ujiji.

Tofauti ni kwamba kibuyu hakilipuki. Betri ya lithiamu iliyofungwa vibaya huweza kuwaka moto mfukoni mwa mtu, na nikotini isiyozimuliwa ni sumu ikimwagika juu ya ngozi au ikinywewa na mtoto. Marekani ilipata somo chungu mwaka 2019, pale wavutaji wa mvuke walipoanza kulazwa kwa maradhi makali ya mapafu. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati yao walifariki. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa na dawa ya bangi, mengi yakiwa yamepatikana kwa marafiki na wachuuzi wasiojulikana. Kilichoua, basi, hakikuwa umbo la chombo. Kilikuwa kile kilichotiwa ndani yake na mtu asiyewajibika kwa yeyote.

Tanzania inayo Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku, na mwaka 2021 Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ilikabidhiwa usimamizi wa bidhaa hizo. Lakini sheria ya 2003, kama jina lake linavyoonyesha, ilijengwa juu ya jani. Maji ya nikotini iliyokamuliwa katika tumbaku, mwanasheria aweza kusema kwamba yamo. Je, nikotini iliyotengenezwa maabara pasipo jani lolote? Je, chombo kitupu, kinachouzwa bila tone la maji? Marekani, pamoja na wanasheria wake wote, ilipenyewa katika tundu hilo hilo, ikalazimika kuirekebisha sheria yake Machi 2022 ili nikotini ya maabara nayo ishikwe.

Majirani wamechukua njia mbalimbali. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilipiga marufuku sigara za kielektroniki pamoja na shisha. Kenya mwaka huo huo ilichagua kutoza ushuru chombo na kichupa chake, ingawa shisha iliipiga marufuku Desemba 2017. Tanzania ilikwisha kuipiga marufuku shisha Julai 2016, na kila mkazi wa mjini anaweza kujipimia mwenyewe jinsi amri hiyo ilivyoshika. Shisha ni ndugu wa kiko cha maji; mtungi na mpira wake havikomi kutengenezeka kwa sababu ya tangazo. Chombo cha betri ndicho kigumu zaidi kukomeshwa, kwa maana viungo vyake ni vile vile vya tochi na simu. Afisa gani wa forodha atakayezuia waya na pamba?

Kwa hiyo njia yenye nguvu ni ya kushika biashara: kukitaja chombo kwa kazi yake, yaani kupeleka nikotini mapafuni, iwe imetoka jani au maabara, na kumfunga kwa leseni kila anayeuza chombo hicho, kiungo chake au maji yake. Jumuiya ya Ulaya iliweka mwaka 2014 kipimo kinachokaguliwa kwa urahisi: nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita, kichupa cha kujazia kisizidi mililita 10. Marekani mwaka 2016 ilitamka kwamba duka linalochanganya maji au kuunganisha vyombo kwa ajili ya wateja ni mtengenezaji, nalo litawajibika kama mtengenezaji. Fundi anayejiundia chake mezani kwake si yeye mwenye kuijaza sokoni bidhaa yenye ladha ya pipi.

Wapo wasemao kwamba nchi haiwezi kuuza jani kwa mkono wa kulia na kukemea uvutaji kwa mkono wa kushoto. Inaweza, na imefanya hivyo tangu ilipotunga Sheria ya Tasnia ya Tumbaku mwaka 2001 na ile ya udhibiti miaka miwili baadaye. Linalofaa kuulizwa kwa ukali ni la mkulima. Yeye hukata miyombo kwa ajili ya bani, hupanga madaraja, hupeleka mitumba ya jani katika soko la chama cha msingi, na jani likiisha kuondoka, nikotini yake huweza kurudi katika kichupa cha plastiki ambacho yeye hakitambui. Kama nikotini ya maabara ikitamba, hata hilo jani halitahitajiwa. Kituo cha utafiti wa tumbaku kipo Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mazao mengine ya kumtoa mkulima katika utegemezi huo yanastahili bidii kama ile iliyotumika kwa mbegu za tumbaku.

Wakati huo huo, mwalimu wa zamu akikikuta kijichombo hicho katika mkoba wa mwanafunzi, hana budi kukiandika katika daftari la makosa. Ikiwa kanuni za shule yake zinataja sigara peke yake, atakiandika kwa jina gani? Hakina jani, hakina jivu, na kikinuswa kinanukia embe.