Hita ya Gari Si Starehe

(Mazungumzo ya fundi wa magari mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja, Wilaya ya Makete)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya gari la kikundi chetu cha wakulima wa viazi. Mliliona Land Rover lile limefunguliwa siku tatu pale chini ya mkaratusi, na vitu vyake vimetandazwa juu ya turubai. Watoto walikuwa wakija kuniuliza, "Fundi, limekufa?" Halikufa. Nilikuwa nabadilisha rejeta ya hita. Leo nitawaeleza ni kitu gani hicho, kinafunguliwaje, na kwa nini nimekirudisha, hali ni mimi mwenyewe niliyekikata.

Hita ni nini? Injini inapochoma mafuta inapata moto sana. Maji yanazunguka ndani yake ili kuondoa joto lile. Yakipata moto yanakwenda kwenye rejeta kubwa ya mbele, upepo unayapoza, yanarudi tena. Hilo wengi mnalijua. Lakini gari lina rejeta ya pili. Hii ni ndogo, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Mipira miwili inatoka kwenye injini mpaka kwake. Mmoja unaleta maji ya moto, wa pili unayarudisha. Karibu yake kuna feni. Feni ikizunguka, upepo unapita katika rejeta ile ndogo, unapata joto, halafu unapulizwa miguuni mwa watu na kwenye kioo cha mbele. Basi, hiyo ndiyo hita. Joto lake ni lile lile ambalo injini ingelitupa nje bure.

Kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam kitu hiki hakina kazi kubwa. Sisi tunakaa juu. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Kitulo inapita mita 2,600. Mwezi wa Juni na Julai mnaona wenyewe jinsi umande unavyoganda kwenye majani ya viazi.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2022 rejeta ya hita ya gari letu ilianza kuvuja. Dalili zilikuwa wazi. Maji yalipungua kila siku, lakini chini ya gari hapakuwa na tone. Zulia la upande wa abiria lilikuwa limelowa. Ndani palikuwa na harufu kama ya kitu kitamu, na kioo kilikuwa na utando wa mafuta mafuta. Ukiona mambo hayo manne kwa pamoja, usihangaike na rejeta ya mbele. Inayovuja ni ile ndogo.

Nikafanya wanachofanya mafundi wengi. Nilichomoa mipira yote miwili, nikaiunganisha kwa kipande cha bomba ili maji yatoke kwenye injini na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye hita. Nikafunga klipu, kazi imekwisha kwa nusu saa. Mama mmoja, mweka hazina wetu, akaniuliza, "Na baridi je, mwanangu?" Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hita ni starehe ya Wazungu. Sisi tuna mablanketi."

Kukata hita si kosa kama uko njiani na unataka kufika nyumbani. Gari likiishiwa maji, silinda hedi inapinda, na hiyo ni hasara kubwa kuliko hita. Kosa langu ni kuliacha hivyo mwaka mzima.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 gari lilikuwa linarudi usiku kutoka hospitali ya Ikonda. Mvua ilikuwa inanyesha. Ndani walikuwa watu tisa, wote wamelowa, madirisha yamefungwa. Dereva alikuwa mpwa wangu. Nilikaa karibu naye. Tulipofika kwenye kona za mteremko akaniambia, "Mjomba, sioni." Kioo kilikuwa cheupe kama kimepakwa maziwa. Wepa zilikuwa zinafanya kazi, lakini wepa hufuta nje tu. Ukungu ulikuwa ndani. Nilichukua kitambaa nikafuta. Nilipomaliza upande mmoja, wa pili ulikuwa umeziba tena. Nikafuta tena. Kona ikaja kabla sijamaliza. Tairi za kushoto ziliingia mtaroni, gari likalalia ukingo. Upande wa pili wa barabara ni bonde, na mnalijua bonde lile.

Hakufa mtu. Mama yule mweka hazina alivunjika mfupa wa bega. Tulipokuwa tunamtoa, alinitazama akasema polepole, "Fundi, blanketi ninalo. Dereva je, macho yake yako wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa nini kioo kinaziba? Asubuhi ya baridi puliza pumzi yako kwenye kioo cha dirisha, utaona ukungu. Pumzi ya mtu ina mvuke, na nguo mbichi zinatoa mvuke zaidi. Mvuke ukigusa kioo baridi unageuka matone madogo sana. Ukifuta kwa kitambaa, kioo kinabaki baridi, na ukungu unarudi. Upepo wa joto kutoka kwenye hita unapasha kioo na kukausha maji yale. Kufungua dirisha kunasaidia kidogo, lakini mvua nayo inaingia.

Haya, sasa kazi yenyewe. Kabla hujafungua kitu chochote, acha injini ipoe kabisa. Tazameni mkono wangu huu. Alama hii niliipata nikiwa kijana najifunza ufundi. Nilifungua kifuniko cha maji injini ikiwa ya moto. Maji ndani ya gari yamefungiwa kwa nguvu, kwa hiyo yanaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka hapo hapo na kukurukia. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kukitoa.

Halafu nililaza karai chini nikatoa mpira wa chini wa rejeta kubwa. Zilitoka kama lita 10 hivi. Akina mama, hapa nawaomba mnisikilize. Maji ya gari yaliyochanganywa na kulanti ni matamu kidogo, na ni sumu. Mbwa atayalamba, mbuzi atayanywa, hata mtoto anaweza kuonja. Figo zinaharibika. Nilifunika karai lile kwa bati na kuweka jiwe juu, nikayatia kwenye dumu lenye alama. Dumu hilo lisitumike tena kuchotea maji ya kunywa.

Katika Land Rover la zamani kama letu, la mwaka 1986, sanduku la hita liko chini ya boneti, limefungwa kwenye ukuta unaotenga injini na watu. Ni bahati nzuri. Kuna magari madogo ya abiria ambayo lazima ung'oe dashibodi yote, na kazi yake ni ya kulilia. Nilichomoa nyaya za feni na waya wa kufungulia joto. Hapa daftari la kisomo lilinifaa. Niliandika rangi ya kila waya na mahali pake. Bolti za kila sehemu nilizitia kwenye kopo lake na karatasi yenye jina. Zamani nilikuwa naamini kichwa changu, na kila mara bolti mbili zilibaki mkononi gari likiwa limefungwa.

Mipira ya zamani hushikana na mabomba ya rejeta. Usiivute kwa nguvu wala kuizungusha kwa koleo, maana bomba lile ni laini, litapasuka. Ipasue kwa kisu kwa urefu, uitupe, uweke mipya. Baadaye nikafungua bolti za sanduku nikalitoa lote. Kifuniko chake kimeshikwa kwa skrubu au ribiti. Ukishakiondoa, rejeta inatoka. Ndani nilikuta majani, vumbi, na nyumba ya panya.

Je, rejeta ile inaweza kutengenezwa? Jaribuni hivi. Zibeni bomba moja, tumbukizeni rejeta kwenye beseni la maji, halafu pulizeni kidogo kwa pampu ya baiskeli katika bomba la pili. Mapovu yatawaonyesha tundu, kama mnavyotafuta tundu la tyubu. Kama ni ya shaba na tundu ni moja, fundi wa kulehemu anaweza kuliziba. Yetu ilitoa mapovu sehemu nne. Ilikuwa imeliwa na kutu na uchafu, kwa sababu tulikuwa tunatia maji ya mtoni matupu miaka mingi. Tukanunua nyingine. Na ninyi mnaotia yai bichi au bizari kwenye rejeta ili kuziba tundu, acheni. Vitu hivyo vinaziba hata vijia vizima.

Kabla ya kurudisha sanduku niliweka sponji mpya kuzunguka rejeta, ili upepo upite katikati yake usipite pembeni. Watu wengi wanaruka kazi hii, halafu wanasema hita mpya haina nguvu.

Kurudisha ni kufuata daftari kutoka chini kwenda juu. Penye shida ni kujaza maji. Hewa ikibaki ndani ya mipira, hita haipati joto, na injini inaweza kuchemka hali umejaza. Fungua koki ya joto mpaka mwisho. Fungua kizibo cha juu ya rejeta. Jaza polepole, huku ukiminya mipira kwa mkono kama unakamua ng'ombe, mpaka mapovu yaishe. Tulitia nusu kulanti na nusu maji safi. Halafu washa, tazama geji, zima, acha ipoe, ongeza.

Kujua kama imekubali, shika mipira miwili ya hita kwa uangalifu injini ikiwa imepata joto. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita. Mmoja wa moto na mwingine baridi, njia imeziba au hewa imebaki. Yote baridi, angalia koki, tena angalia kama maji yanatosha.

Juzi usiku, saa kumi za alfajiri, mpwa wangu na mimi tulilijaribu. Tuliingia watu sita tukiwa na makoti tuliyoyalowesha makusudi. Kioo kikawa cheupe. Akafungua hita. Ukungu ulianza kuondoka chini, karibu na matundu ya upepo, ukapanda juu taratibu. Tukaona mkaratusi, tukaona na nyumba ya Mwenyekiti.

Mama mweka hazina bado hajapanda. Anasema anangoja mvua inyeshe kwanza, ndipo atajua. Ana haki.

Kesho saa mbili asubuhi nitafungua boneti pale pale kwenye mkaratusi. Anayetaka kuona sanduku la hita na kushika mipira aje na daftari lake. Rejeta mbovu nimeiweka pia, na beseni lipo. Mwenye pampu ya baiskeli aje nayo, maana yangu imeharibika.