Ukumbi wa Wazi wa Mlimani na Funzo Lake Kwetu

Hotuba ya afisa wa utalii wa kaunti kwa wakaazi, katika kikao cha ushirikishaji wa umma



Leo tunajadili hatima ya ukumbi wetu wa wazi ulio kando ya msitu. Wako wanaotaka ngazi zake za mawe zibomolewe tujenge ukumbi wa mabati. Wengine wanataka ukarabatiwe. Kabla hamjatoa maoni, nimeombwa niwaeleze kuhusu ukumbi wa aina hiyo niliouzuru nilipokwenda kumtembelea mwanangu Colorado, Marekani. Nauli nililipa mwenyewe, kwa hivyo msiitafute kwenye bajeti.

Ukumbi huo uko Moraine Park, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Rocky Mountain iliyoanzishwa 1915. Mahali penyewe ni bonde la nyasi, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Barafu ya zamani ililichonga bonde hilo na kuacha matuta ya mawe na changarawe pande zake, kama yale yaliyoko Mlima Kenya. Karibu na ukumbi kuna jengo la 1923 lililokuwa la kupokea watalii.

Ukumbi hauna paa. Watu huketi mteremkoni wakitazama chini mbele yao. Katika mbuga za Marekani, kumbi kama huu ndimo askari wa wanyamapori huzungumza na wageni kuhusu wanyama, mimea na usalama milimani.

Waliojenga ni vijana. Ajira ilipoadimika Marekani, Rais Franklin Roosevelt alianzisha mwaka 1933 kikosi cha kazi kilichoitwa CCC. Kijana alilipwa takriban dola 30 kwa mwezi, na sehemu kubwa, kama dola 25, ilitumwa nyumbani kwao. Hadi kikosi kilipovunjwa 1942, vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepitia humo, wakipanda miti na kujenga barabara, njia za miguu na kumbi, mara nyingi kwa mawe na mbao za papo hapo. Kasoro zilikuwapo: wasichana hawakuandikwa, na vijana weusi wengi walitengwa katika kambi zao. Hayo tusiyaige. Lakini wazo la kuwapa vijana kazi ya kujengea umma si geni kwetu. Huduma ya Vijana kwa Taifa imekuwapo tangu 1964.

Ukijaliwa kufika huko, nenda asubuhi, kwa kuwa wakati wa kiangazi radi na mvua huja alasiri. Beba sweta na maji, na utembee polepole, maana hewa ni nyepesi. Mwezi wa Septemba na Oktoba utaona kulungu wakubwa waitwao elk wakikusanyika bondeni. Watazame kwa mbali.

Ukumbi ule umedumu kwa sababu una mwenyewe. Umeorodheshwa katika daftari la taifa la maeneo ya kihistoria, na mbuga ina wajibu wa kuutunza. Wetu haukuharibiwa na mvua peke yake. Ngazi ya kwanza iling'oka, tukanyamaza. Watu wakabeba mawe kwenda kujengea, tukanyamaza tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni kweli mvua hutunyeshea, na hoja ya wanaotaka mabati ina uzito. Maoni yangu ni haya: turudishe ngazi kwa mawe ya hapa, tuezeke jukwaa pekee, na kazi wapewe vijana wa wadi hii, wasichana kwa wavulana. Kisha iundwe kamati ya wakaazi ya kuutunza, yenye fungu lake katika bajeti. Bila hiyo kamati, hata ukumbi wa mabati utang'olewa misumari.

Uamuzi si wangu. Katiba ya 2010 inawapa haki ya kushiriki. Semeni hapa leo, au mpeleke maoni kwa maandishi katika ofisi ya msimamizi wa wadi.